Kuendesha duka dogo la samani na mapazia wakati vyuma vimekaza

Hali ikiwa ngumu, mtu hawezi kuahirisha unga, nauli wala ada ya mtoto. Kochi anaweza. Kochi lililotoboka analitandikia kitambaa, anakaa, maisha yanaendelea. Ndiyo maana sisi wa samani, mapazia na magodoro tunaanza kuumia kabla ya wenye maduka ya vyakula, na tunapona nyuma yao.

Nina fremu upande wa Temeke, mwendo mfupi kutoka Keko, mahali ambapo nusu ya Dar es Salaam inakwenda kutafuta kitanda. Nimeuza humo kipindi kile kila mtu alipokuwa akisema vyuma vimekaza. Nikauza mwaka 2020 wa korona, nikauza mwaka 2023 dola ilipoadimika na bei ya kitambaa cha kutoka nje ikawa haikai wiki mbili. Majirani zangu watatu walifunga katika vipindi hivyo, na siku wanafunga maduka yao yalikuwa yamejaa makabati, makochi na vitanda hadi njia ya kupita hakuna. Walichokosa ni pesa taslimu ya kodi ya fremu. Mwongozo huu wote unazunguka jambo hilo. Pesa yako imelala ndani ya mbao na vitambaa, na kazi yako kubwa kipindi kigumu ni kuiamsha.

Namba ninazotumia ni za mfano wa fremu ndogo ya Dar. Weka za kwako, lakini hesabu ni ileile.

Hatua ya 1: Ijue mali iliyolala

Chagua siku duka limefungwa, Jumapili inafaa. Chukua daftari na futi kamba, anzia mlangoni hadi ukuta wa nyuma. Kwa kila kitu andika bei uliyonunulia pamoja na usafiri, tarehe kilipoingia dukani, bei unayouzia, na nafasi kinachokalia sakafuni. Tarehe ndiyo wengi hatuna. Kama huikumbuki, fungua picha za simu yako: siku kabati lilipofika ulilipiga picha uliweke status, na picha ina tarehe yake.

Sasa fanya hesabu hii, ambayo mara ya kwanza iliniondolea usingizi. Tuseme fremu yako ni mita 4 kwa mita 6, yaani mita za mraba 24, na kodi ni shilingi 480,000 kwa mwezi. Kila mita ya mraba inakugharimu 20,000 kwa mwezi. Kabati la nguo la milango mitatu, ukihesabu na nafasi ya mteja kusimama mbele yake, linakalia mita za mraba 2. Hiyo ni 40,000 kwa mwezi. Ulilinunua kwa 620,000, unaliuza 850,000, na moyoni unajua lina faida ya 230,000. Lakini limekaa miezi 11. Limeshakula 440,000 za kodi ya sakafu peke yake. Faida yako ilikwisha kabla mwezi wa sita haujaisha, na tangu hapo kila asubuhi unapofungua mlango unalilipia pango kabati.

Mwenye duka akishaiona hesabu hii, haoni tena aibu kuliuza lile kabati 700,000 leo. Kuling'ang'ania lisubiri mteja wa 850,000 ndiko kunakomaliza mtaji.

Gawa mali yako mafungu matatu: iliyo chini ya siku 60, kati ya siku 60 na 150, na iliyozidi hapo. Mimi nafunga uzi mwekundu mguuni mwa kitu kilichozidi siku 150, mahali ambapo mteja haoni ila mimi na msaidizi wangu tunaona. Kwenye kitu chenye uzi mwekundu, msaidizi ana ruhusa ya kushuka hadi bei ya kununulia bila kunipigia simu. Kitu kisicho na uzi, hashuki.

Hatua ya 2: Jua gharama ya kufungua mlango

Muulize mwenye duka anahitaji kuuza kiasi gani kwa siku ili asiingie hasara, wengi watakujibu "inategemea". Haitegemei. Kaa uandike. Kodi 480,000. Msaidizi 300,000. Umeme wa LUKU 40,000. Ulinzi na taka 40,000. Simu na bando 30,000. Na wewe mwenyewe, ujiandikie posho, tuseme 410,000. Jumla ni 1,300,000 kwa mwezi. Ukifungua siku 26, kila siku mlango unakudai 50,000 kabla hujapata chochote.

Hizo 50,000 zinatoka kwenye faida, si kwenye mauzo. Kama kwa wastani kwenye kila shilingi 100 ya mauzo unabaki na 25 baada ya kutoa bei ya kununulia, basi unahitaji mauzo ya 200,000 kwa siku, 5,200,000 kwa mwezi. Bandika namba hiyo ndani ya mlango wa kabati la ofisi. Ikifika tarehe 15 na uko kwenye 1,800,000, unajua mapema kwamba umepungukiwa, bado una wiki mbili za kufanya kitu. Asiyejua anashtuka tarehe 30.

Posho yako iandike, tena uichukue kwa tarehe, kama mfanyakazi. Ukiacha kujilipa, hutaacha kula. Utachota dukani elfu tano leo, elfu kumi kesho, na mwisho wa mwezi hakuna anayejua kilichotoka. Namba ya Lipa ya duka iwe ya duka, na laini ya nyumbani iwe ya nyumbani. Mali bila daftari hupotea bila habari, tumeiandika kwenye kuta za maduka yetu miaka yote, na daftari lenyewe mara nyingi halipo.

Hatua ya 3: Iamshe, lakini usipunguze bei ya duka zima

Kosa la kwanza nililofanya ni kubandika karatasi kubwa mlangoni kwamba kila kitu kimepungua. Vilivyoondoka ni vile ambavyo vingeondoka hata kwa bei yake. Vile vigumu vilibaki palepale, na wateja wakazoea bei mpya.

Shughulika na kitu kimoja kimoja. Seti ya makochi ya watu saba isiyouzika, ivunje. Kochi la watu watatu peke yake, kochi mbili za mtu mmoja mmoja peke yake. Mtu aliyepanga chumba na sebule huko Mbagala hana pa kuweka watu saba, lakini hizo mbili za mtu mmoja atazibeba leo kwenye guta. Kabati kubwa la vyombo la mtindo wa zamani, lenye vioo na taji juu, muite fundi akate taji, abadilishe vitasa, alipake rangi moja iliyotulia. Kwa gharama ndogo linakuwa kabati jingine. Nimefanya hivyo kwa makabati manne na yote yaliondoka ndani ya miezi miwili.

Kisha watafute wanunuzi wasiopita mbele ya duka lako. Mwenye gesti anayefungua vyumba sita hajali mtindo wa mwaka juzi, anataka vitanda sita vinavyofanana na bei nzuri. Vilevile hosteli za wanafunzi na watu wanaopangisha nyumba zenye samani kwa wageni. Tengeneza orodha yao, wapigie, nenda na picha. Na kuna duka la mwenzako Chanika au Kigamboni: mpe kabati kwa mali kauli, mkubaliane kwa maandishi kwamba akiuza ndani ya siku 30 anakulipa kiasi fulani, asipouza unakuja kuchukua. Huko sura ya kabati ni mpya, na sakafu yako imepumua.

Hatua ya 4: Uza huduma, maana mteja bado ana nyumba

Hapa ndipo duka langu liliponusurika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtu asiyeweza kununua kochi jipya la 1,200,000 anaweza kutoa 350,000 kulifumua la zamani na kulivika kitambaa kipya. Kazi hiyo haihitaji ulaze mtaji dukani. Kitambaa unanunua baada ya kupokea advansi, fundi analipwa kwa kazi, na kochi halikai sakafuni kwako zaidi ya siku nne.

Usitaje bei kabla ya kulifungua. Mteja akituma picha WhatsApp na kuuliza "shilingi ngapi hili?", mjibu kwa upole kwamba utapita uliangalie. Ukifika, lipindue. Chini kuna kitambaa chepesi cheusi, kifungue pini pembeni, ingiza mkono na tochi ya simu. Utakuta mipira ya kukalia iliyolegea, au springi zilizochomoka kwenye ubao, au gunia lililooza. Shika fremu ya kochi, yaani mbao zake za ndani, kwenye maungio, itikise. Ikicheza, kuna kazi ya seremala kabla ya kazi ya kitambaa. Angalia vumbi laini la njano kwenye kona: huyo ni mdudu, na kochi la namna hiyo usilivike kitambaa kipya bila kubadilisha mbao iliyoliwa. Kisha bonyeza sponji kwa kiganja uhesabu. Sponji nzuri inarudi mara moja. Iliyokufa inabaki na alama ya mkono wako. Haya yote mfanye mteja ayaone kwa macho yake. Mama mmoja wa Tandika, nilipomwonyesha katoni iliyokunjwa ndani ya mkono wa kochi alilouziwa kama la mbao tupu, alinyamaza kidogo kisha akaniambia, "Kaka, fanya unavyojua, ila usiniwekee katoni." Tangu siku hiyo kila kochi ninalotengeneza nalipiga picha likiwa uchi, mbao na mipira vikionekana, na picha hizo zinauza kuliko picha za kochi lililokamilika.

Mapazia nayo ni kazi ya kipindi kigumu, kwa sababu yanabadilisha sebule nzima kwa pesa ndogo. Lakini mapazia yanamla asiyejua kupima. Chukua dirisha la futi 6, yaani mita 1.83. Fimbo ipite sentimita 15 kila upande, unapata mita 2.13. Kwa mikunjo ya kawaida zidisha mara mbili, mita 4.26, ongeza za kukunja pembeni, ufikie mita 4.5. Kitambaa chenye upana wa mita 2.8 kinalala upande, ule upana wake unakuwa urefu wa pazia, na unatosha kwa fimbo iliyo juu kama mita 2.6 ukishatoa pindo. Fundi mzembe atakuambia nunua mita 5.5 "kwa usalama". Kwa kitambaa cha 9,000 kwa mita, madirisha manne, umetupa 36,000, na pengine ndiyo ilikuwa faida yako yote. Pima mwenyewe, pima mara mbili, tena pima kila dirisha peke yake, maana nyumba zetu nyingi madirisha yanayoonekana sawa hayako sawa.

Vipande vinavyobaki vishonee mito ya makochi. Hapo mlangoni weka pia foronya, vyandarua, mikeka, vitasa na pete za mapazia. Faida yake ni ndogo, ila vinalipa umeme na vinamfanya mtu aingie.

Hatua ya 5: Samani za kutoka nje usishindane nazo kwa bei

Kabati la boadi linaloshuka kwenye kontena lina sura nzuri na bei ambayo fundi wa Keko haiwezi. Usijaribu. Mwaka 2022 dola ilikuwa karibu shilingi 2,300, kufikia katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Mwenye duka dogo anayelaza pesa kwenye mali ya dola anacheza mchezo wa wakubwa, na hana mtaji wa kungoja.

Wewe una vitu viwili ambavyo kontena halina. Unaweza kutengeneza kwa kipimo cha chumba, na unaweza kurudi kurekebisha. Chumba cha kupanga chenye nguzo kwenye kona, mteja anataka kabati liingie pale na si pengine. Hiyo ni kazi yako.

Ila basi mbao iwe kavu. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu niliwahi kupeleka kabati la mninga uliokatwa juzi kwa familia iliyoniamini, na baada ya miezi miwili milango haikufunga tena, mmoja umepinda kama upinde. Nililirudisha, nikatengeneza upya kwa gharama zangu. Siku hizi ghalani kwa mwenye mbao nagusa kwa mgongo wa mkono: mbao mbichi ni ya baridi na nzito kuliko ukubwa wake. Naigonga kwa ufunguo, kavu inalia, mbichi inajibu kwa sauti ya kuziba. Naangalia ncha zake pia, maana mbao nzuri kavu ina nyufa ndogondogo pale mwisho. Kwa sehemu zisizoonekana, kama migongo ya makabati na chaga, msindano wa Mafinga ukikauka vizuri unatosha na unapunguza bei. Mninga na mkongo weka mbele, mahali mteja anapogusa. Mwambie wazi kipi ni kipi, na uandike kwenye risiti.

Hatua ya 6: Oda, advansi na pesa ya watu

Kipindi kigumu nakushauri uelekee kwenye oda zaidi kuliko kujaza duka. Weka sampuli chache nzuri, sakafu iwe na hewa, mteja achague akilipa advansi.

Advansi isipungue gharama ya vifaa vyote. Kwangu ni asilimia 60. Mteja akiondoka na asirudi, walau mbao hazikutoka kwenye pesa yako. Andika kwenye kitabu cha nakala mbili: vipimo, aina ya mbao, rangi, namba ya kitambaa, tarehe ya kukabidhi, nani analipa usafiri, na nini kitatokea kama hakuja kuchukua ndani ya siku 30. Asaini. Usione haya kumsainisha hata ndugu yako, ukiona haya leo mtagombana kesho.

Kuna wateja wanaolipa kidogokidogo, elfu ishirini kila wiki hadi kitanda kifike bei. Ni wateja wazuri mno, hasa akina mama wa biashara ndogo na walinzi. Wape kadi ya kugonga muhuri, kila malipo muhuri wake. Lakini pesa hiyo si yako mpaka kitanda kitoke. Mimi naiweka kwenye laini ya peke yake ambayo msaidizi wangu anaona salio lake. Duka lililokula pesa za kidogokidogo, siku wateja wanne wakitimiza pamoja, linafunga mlango kwa aibu na halifunguki tena mtaa huo.

Mali kauli kwa maofisi, fikiri mara mbili. Kuna ofisi iliniagiza meza sita na viti vyake, karatasi zote zikiwa na mihuri. Nikatengeneza kwa pesa yangu. Nililipwa baada ya miezi minane. Kila mwezi niliambiwa hundi iko mezani kwa mkubwa. Sikudhulumiwa shilingi hata moja, lakini miezi hiyo minane nusura inifungie duka. Siku hizi ofisi nayo inatoa advansi, na isipotoa naiombea heri.

Hatua ya 7: Mwenye fremu

Nenda kwake kabla hujachelewa kodi, si baada ya kuchelewa. Nenda na daftari.

Mwenye fremu yangu ni mzee. Nilimwamkia, nikakaa, tukaongea kwanza habari za afya yake. Kisha nikamwambia, "Mzee, kodi ya miezi sita kwa mkupuo sitaiweza safari hii. Nipokee miezi mitatu mitatu, na nisipoleta tarehe ya kwanza, nitakuja mwenyewe kukueleza." Akaniuliza ninauza kiasi gani. Nikamfungulia daftari. Akapitisha kidole kwenye kurasa mbili tatu, akasema, "Wewe angalau unaandika." Alikubali. Mwenye nyumba anaogopa fremu tupu kuliko mpangaji anayelipa kwa awamu, hasa mtaa ukiwa na fremu tatu zilizofungwa.

Kama kodi haishuki, gawana nafasi. Fundi cherehani wa mapazia akikaa kona moja anachangia kodi, na mteja wa mapazia anashonewa hapohapo. Pata ruhusa ya mwenye fremu kwanza. Na usisahau ile asilimia 10 ya zuio la kodi ya pango ambayo mpangaji wa biashara anapaswa kuikata na kuipeleka TRA. Mkubaliane mapema inatoka wapi, nimeona watu wakigombana kwa hili mwisho wa mwaka.

Nikiwa hapo TRA: kwenye kodi ya makadirio, kumbukumbu za mauzo ni kinga yako. Biashara ikishuka kweli, beba daftari na risiti zako ukaongee na afisa wa eneo lako kabla ya makadirio mapya. Malipo yanagawanywa mara nne kwa mwaka, basi tenga kila wiki, usingoje robo iishe.

Hatua ya 8: Mikopo

Mikopo ya kausha damu inauzwa kwa lugha tamu, kwa hiyo tuifanyie hesabu. Unapewa 500,000, unarejesha 20,000 kila siku kwa siku 30. Jumla 600,000. Wanakuambia ni asilimia 20. Lakini kuanzia kesho yake unarudisha, kwa hiyo kwa wastani umekaa na nusu tu ya pesa ile. Riba ya kweli inakaribia asilimia 40 kwa mwezi. Na tatizo kubwa zaidi kwetu ni mwendo: kochi linachukua wiki tatu kupata mteja, marejesho yanaanza kesho asubuhi. Muuza samaki anaweza kuponea humo, mali yake inazunguka kila siku. Ya kwetu haizunguki hivyo. Usiichukue, hata kwa kodi ya fremu. Afadhali uuze kitu cha uzi mwekundu chini ya bei ya kununulia.

Kama lazima ukope, anza na kikoba chako. Halmashauri nazo zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Inakwenda kwa vikundi vilivyosajiliwa, mlango wa kuingilia ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kama unatengeneza mwenyewe, pita pia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Na mkopo wowote ule nunulie kitu kinachofanya kazi, kama cherehani, randa ya umeme au bunduki ya pini, usiununulie makabati ya kujaza duka.

Hatua ya 9: Kalenda

Januari wazazi wako kwenye ada na madaftari, usitegemee kuuza kochi. Ni mwezi wa kufumua makochi na kurekebisha vitanda. Wiki mbili za mwisho za Ramadhani mapazia, mazulia na mito vinaondoka, maana Idi haikuti sebule ya zamani, na ikiingia Mfungo Mosi harusi zinaanza. Kitambaa cha msimu huo agiza kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, mafundi wakiwa bado na nafasi. Sisi wa Temeke tuko kwenye njia ya kusini: minada ya korosho ikianza Oktoba, Mtwara na Lindi zinanunua magodoro na vitanda, na mzigo unapandia mabasi ya Mbagala. Desemba ni ya wanaorudi kwao. Katikati ya mwezi wowote uza vitu vidogo, vikubwa vingoje mishahara.

Hatua ya 10: Fundi na mteja wa zamani

Fundi mzuri wa makochi akihama, duka limehama. Mlipe siku ya kazi kukamilika, hata kama mteja hajamalizia. Kama huna kazi ya kumpa wiki nzima, mruhusu afanye za nje kwa uwazi kuliko akufiche.

Kila Jumatatu asubuhi napigia simu wateja watano wa zamani kutoka kwenye kitabu cha oda. Siuzi chochote. Nauliza, "Shikamoo mama, kile kitanda kinaendeleaje?" Wawili watakuwa na bawaba iliyolegea, napita jioni na bisibisi, bure. Wakati niko pale naona madirisha, naona godoro la mtoto limechoka, sisemi kitu. Wanapiga wenyewe.

Hatua ya 11: Ikibidi kufunga

Weka mpaka mapema, kichwa kikiwa kimetulia. Wangu ni huu: mauzo yakishindwa kufikia ile 5,200,000 kwa miezi minne mfululizo, na vitu vya uzi mwekundu vimeshauzwa vyote, narudi kufanya kazi nyumbani kwa oda tu, bila fremu. Kungoja mwezi wa saba au wa nane ni kula mtaji wa kuanzia tena.

Ukifika hapo, rudisha kwanza pesa za kidogokidogo na advansi za kazi ambazo hazijaanza, mteja mmoja mmoja, kwa kumpigia simu. Kisha mlipe fundi na msaidizi. Mpe mwenye fremu taarifa kwa maandishi. Peleka barua TRA kwamba umesimamisha biashara, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri, vinginevyo makadirio yataendelea kukusubiri. Mali iliyobaki igawe kwa wenzako kwa mali kauli. Laini ya simu usiibadilishe, na umwombe mwenye fremu akuachie namba yako kwenye mlango wa chuma kwa miezi miwili mitatu, na chini yake maneno haya: "Makochi, mapazia, vitanda. Tunafika nyumbani."